Mabadiliko ya Muundo wa Viambatisho katika Barua Pepe za Ofisi: Kubaini Chanzo na Kurekebisha kwa Kuzingatia Mazingira ya Galula, Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala hii inafafanua sababu zinazofanya faili iliyoambatishwa kwenye barua pepe ya ofisi imfikie mpokeaji ikiwa na jina, alama au muundo tofauti na ule iliotumwa nao. Aidha, inaeleza utaratibu wa kubaini chanzo cha tofauti hiyo. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayo ni ya namna tatu: mabadiliko ya bahasha, mabadiliko ya jina na lebo, na mabadiliko ya maudhui. Namna mbili za kwanza huizuia faili isifunguke, lakini huacha maudhui yake yakiwa kamili. Namna ya tatu mara nyingi huiacha faili ikifunguka vizuri, ilhali maudhui yake yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo, kigezo kinachotumiwa zaidi ofisini, yaani kama faili inafunguka au haifunguki, hakitoshi kuamua kama waraka ni salama. Makala inapendekeza hatua saba za uchunguzi zinazoweza kufuatwa katika ofisi ya ngazi ya kata, na inaonesha uhusiano wa hatua hizo na sheria za Tanzania kuhusu kumbukumbu za kielektroniki.

1.0 Utangulizi

Galula ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Songwe, katika bonde la Mto Songwe unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Eneo hilo awali lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya. Mwaka 2016 likaingia katika mkoa mpya wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu ya wilaya yako Mkwajuni, na ya mkoa yako Vwawa. Anayetoka Galula kwenda Vwawa kwa barabara hupitia Mbalizi, yaani huingia kwanza Mkoa wa Mbeya kabla ya kushika barabara kuu iendayo Tunduma.

Jiografia hiyo huipa barua pepe thamani kubwa kuliko ile iliyonayo katika ofisi za mjini. Waraka unaotumwa kwa barua pepe humwondolea mtumishi safari hiyo. Waraka unaofika ukiwa haufunguki humrudisha barabarani, au humlazimu kutuma upya faili kubwa kwa intaneti ya simu inayolipiwa kwa kifurushi. Pale ambapo waraka huo ni orodha ya malipo, taarifa ya kituo cha afya au takwimu za shule, ucheleweshaji huo huwagusa pia watu ambao hawajawahi kuiona barua pepe yenyewe.

Jibu lililozoeleka mpokeaji anaposhindwa kufungua kiambatisho ni kumwambia mtumaji kwamba faili imeharibika, aitume tena. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, ikiwa tatizo linatokana na mipangilio ya programu, kutuma tena kwa mipangilio ileile kutaleta matokeo yaleyale. Pili, jibu hilo huielekeza shaka kwenye faili isiyofunguka peke yake na kuiacha ipite bila kukaguliwa faili inayofunguka lakini iliyobadilishwa maudhui. Kasoro hii ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa madhara yake huweza kugundulika baada ya uamuzi kufanyika.

2.0 Namna Kiambatisho Kinavyosafirishwa

Itifaki ya kusafirisha barua pepe, yaani SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, iliundwa kwa ajili ya maandishi matupu yenye herufi za biti 7. Picha, jedwali au waraka uliochapwa kwa programu ya kisasa huundwa na baiti za biti 8, hivyo hauwezi kupita katika njia hiyo kama ulivyo. Suluhisho lilipatikana mwaka 1992 kupitia kanuni za MIME, zilizoandikwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, na ambazo zilirekebishwa mwaka 1996.

Chini ya kanuni hizo, faili husimbwa kuwa maandishi kabla ya kuondoka na kusimbuliwa inapofika. Usimbaji unaotumika zaidi, yaani Base64, huchukua kila baiti 3 na kuziandika kwa herufi 4 kutoka katika seti ya herufi 64. Matokeo yake ni kwamba faili ya megabaiti 3 husafiri ikiwa na ukubwa wa takriban megabaiti 4. Ongezeko hili la karibu theluthi moja linaeleza mambo mawili yanayowatatiza watumishi wengi. La kwanza ni faili ya megabaiti 20 kukataliwa na mfumo wenye kikomo cha megabaiti 25, pale kikomo kinapohesabiwa baada ya usimbaji. La pili ni ukubwa wa ujumbe unaooneshwa kwenye kikasha kutolingana na ukubwa wa faili iliyohifadhiwa. Tofauti hiyo peke yake si dalili ya uharibifu.

Pamoja na maudhui yaliyosimbwa, ujumbe hubeba taarifa mbili kuhusu kila kiambatisho. Taarifa ya kwanza ni jina la faili, ambalo huishia na kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho, kama vile .docx au .pdf. Taarifa ya pili ni lebo ya aina, inayoandikwa katika kichwa cha sehemu hiyo ya ujumbe kwa jina la Content-Type. Programu ya mpokeaji huitumia lebo, kiendelezi au vyote viwili kuamua ni programu gani iifungue faili. Kwa hiyo jina, lebo na maudhui ni vitu vitatu vinavyojitegemea, na kimoja kinaweza kubadilika bila vingine kuguswa.

3.0 Aina za Mabadiliko na Vyanzo Vyake

3.1 Mabadiliko ya bahasha

Mfano unaofahamika zaidi ni faili iitwayo winmail.dat. Mtumaji anayetumia Outlook akiandika ujumbe kwa mpangilio wa Rich Text, programu hiyo inaweza kukusanya mapambo ya maandishi pamoja na viambatisho vyote na kuvifunga katika bahasha moja ya muundo uitwao TNEF. Mpokeaji mwenye Outlook haoni tofauti yoyote, kwa kuwa programu yake huifungua bahasha hiyo kimyakimya. Mpokeaji anayetumia programu isiyoutambua muundo huo hupata kiambatisho kimoja tu, winmail.dat, hata kama faili zilizotumwa ni tatu. Hapa hakuna kilichoharibika, kwani faili zote ziko ndani ya bahasha zikiwa kamili.

Mfano mwingine ni ujumbe uliopelekwa mbele ukiwa kiambatisho. Mpokeaji huona faili yenye kiendelezi cha .eml au .msg badala ya waraka alioutarajia, na waraka huo huwa ndani ya ujumbe uliofungwa. Mfano wa tatu ni faili inayozidi kikomo kugeuzwa kiungo. Gmail, kwa mfano, hupakia faili inayozidi megabaiti 25 kwenye Google Drive na kumpa mpokeaji kiungo. Tatizo linaloweza kufuata hapo ni la ruhusa ya kuifikia faili, wala si la muundo wake.

3.2 Mabadiliko ya jina na lebo

Faili za .docx, .xlsx na .pptx, zilizoanza kutumika pamoja na Office 2007, kwa hakika ni vifurushi vya ZIP vyenye faili ndogondogo ndani yake. Seva au programu inayochungulia maudhui bila kuzingatia kiendelezi inaweza kuiwekea faili hiyo lebo ya ZIP, na mpokeaji akaihifadhi ikiwa na kiendelezi cha .zip. Akiifungua kama kifurushi, huona mabunda yenye majina asiyoyafahamu na kuhitimisha kwamba waraka umesambaratika. Kinachohitajika ni kurudisha kiendelezi sahihi.

Vilevile, faili huweza kufika ikiwa na jina la noname au ATT00001, pengine bila kiendelezi chochote. Chanzo kimoja ni jina refu, au jina lenye herufi zilizo nje ya seti ya msingi, lililosimbwa kwa utaratibu ambao programu ya mpokeaji haiusomi. Chanzo kingine ni lebo ya jumla ya application/octet-stream, inayoieleza programu kwamba hizi ni baiti tu bila kutaja aina yake. Majina mafupi, yasiyo na alama maalumu, hupunguza uwezekano wa tatizo hili.

3.3 Mabadiliko ya maudhui

Aina hii hutokea kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kupunguzwa kwa picha. Pale ambapo simu ndiyo inayotumika badala ya skana, programu ya barua pepe inaweza kupendekeza picha itumwe kwa ukubwa mdogo, au kuigeuza kutoka muundo wa HEIC kuwa JPEG. Mpokeaji hupata picha inayofunguka bila shida, lakini muhuri, saini au tarakimu ndogo za stakabadhi huenda zisisomeke tena. Undani uliopotea hauwezi kurudishwa kutoka katika nakala hiyo.

Njia ya pili ni lango la usalama. Seva za taasisi nyingi hukagua viambatisho ili kuzuia programu hasidi. Kutegemea mipangilio, lango linaweza kuondoa makro kwenye jedwali, kugeuza waraka kuwa PDF, au kuweka badala yake faili ya maandishi inayoeleza kwamba kiambatisho kimezuiwa. Mabadiliko haya yana sababu njema, lakini kinachofika si kile kilichotumwa.

Njia ya tatu hutokea mikononi mwa mtumishi mwenyewe, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Faili ya CSV ni maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa mkato. Ikifunguliwa kwa kubofya mara mbili, Excel hubashiri aina ya kila thamani. Namba ya simu inayoanza na 0 huchukuliwa kuwa namba ya hesabu, na sifuri ya mwanzo hudondoka. Zaidi ya hayo, Excel hutunza tarakimu 15 tu zenye thamani katika namba moja, ilhali Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Namba hiyo ikiandikwa kwa vistari vyake, yaani makundi ya tarakimu 8, 5, 5 na 2, huchukuliwa kuwa maandishi na husalimika. Ikiandikwa bila vistari, huoneshwa kwa ufupisho wa kihesabu wenye alama ya E+19, na tarakimu 5 za mwisho hugeuka sifuri.

Kufungua na kufunga bila kuhifadhi hakuidhuru faili. Mtumishi akihifadhi kisha akaituma mbele, hata hivyo, orodha inayofika ngazi ya juu huwa na namba zisizo za mtu yeyote. Namba mbili zinazotofautiana katika tarakimu hizo 5 pekee zitasomeka kuwa namba moja. Orodha itafunguka vizuri, idadi ya mistari itakuwa sahihi na majina yatakuwa yaleyale. Dalili itakayomwonya mpokeaji ni sifuri tano mwishoni mwa kila namba, au ufupisho wa kihesabu badala ya namba kamili.

4.0 Hatua za Uchunguzi

Utaratibu ufuatao umepangwa kwa kuanza na hatua zisizogharimu data ya intaneti. Kutuma faili upya kumewekwa mwisho.

Hatua ya kwanza ni kulinda asili. Ujumbe wenyewe ubaki kwenye kikasha bila kufutwa, kiambatisho kihifadhiwe, na uchunguzi wote ufanyike kwenye nakala.

Hatua ya pili ni kuonesha viendelezi. Windows huficha viendelezi vinavyofahamika isipokuwa mtumiaji akibadili mpangilio huo. Faili inayosomeka kama orodha.pdf inaweza kuwa, kwa hakika, orodha.pdf.exe. Kwa sababu hiyo, kiendelezi kisibadilishwe kwa kukisia.

Hatua ya tatu ni kulinganisha idadi ya baiti. Mtumaji na mpokeaji husomeana kwa simu idadi kamili ya baiti inayooneshwa katika sifa za faili. Idadi zikitofautiana, faili hizo mbili hazilingani, na kinachobaki ni kubaini kama mpokeaji ana bahasha yenye faili ndani yake au maudhui yaliyoguswa. Zikilingana, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo liko kwenye jina au lebo.

Hatua ya nne ni kusoma baiti za mwanzo kwa programu ya kuhariri maandishi au ya kuonesha baiti. Faili ya PDF huanza na %PDF, na faili ya ZIP pamoja na jamii yake huanza na PK. Programu inayojiendesha ya Windows huanza na MZ, picha ya JPEG kwa baiti FF D8 FF, na bahasha ya TNEF kwa baiti 78 9F 3E 22. Alama ya PK haitoshi kuthibitisha kwamba faili ni ya Word, kwa kuwa miundo mingi huitumia. Kifurushi cha .docx huwa na bunda liitwalo word ndani yake, na cha .xlsx huwa na bunda liitwalo xl. Faili inayoanza na MZ huku ikidai kuwa waraka isifunguliwe kabisa, bali ipelekwe kwa afisa wa TEHAMA.

Hatua ya tano ni kusoma vichwa vya ujumbe. Programu nyingi za barua pepe huruhusu kuona ujumbe katika umbo lake la asili. Lebo ya application/ms-tnef huthibitisha bahasha ya Outlook, na lebo ya application/zip kwenye jina la .docx huonesha kosa la uwekaji lebo. Mistari ya Received hutaja seva ambazo ujumbe umepitia, hivyo husaidia kujua lango lipi lingeweza kuugusa.

Hatua ya sita ni kutenga upande wenye tatizo. Faili ileile ndogo ya majaribio hutumwa kwa wapokeaji wawili, mmoja ndani ya mfumo wa taasisi na mwingine nje yake. Ikifika ikiwa imebadilika kwa wote wawili, chanzo kitafutwe kwa mtumaji au kwenye seva yake. Ikibadilika kwa mmoja, kitafutwe kwanza upande wa huyo mmoja. Bahasha ya TNEF haifuati kanuni hii, kwa kuwa chanzo chake ni mtumaji hata kama anayeathirika ni mpokeaji mmoja tu.

Hatua ya saba ni kurekebisha mahali panapostahili. Kwa winmail.dat, mpokeaji anaweza kufungua bahasha kwa programu ya kusoma TNEF bila kuomba itumwe upya. Mtumaji naye abadili mpangilio wa uandishi kuwa HTML au maandishi matupu, na msimamizi wa seva ya Exchange anaweza kuzima TNEF kwa barua zote zinazotoka nje ya taasisi. Kwa kosa la jina au lebo, mpokeaji arudishe kiendelezi baada ya hatua ya nne kukithibitisha. Kwa maudhui yaliyobadilishwa, hakuna marekebisho upande wa mpokeaji, hivyo lazima asili ipatikane kutoka kwa mtumaji. Ikiwa ni CSV, iingizwe Excel kupitia menyu ya Data huku safu za namba za simu na za NIDA zikitajwa kuwa ni maandishi. Matoleo mapya ya Excel yana pia mpangilio wa kuzuia ubadilishaji huo wa moja kwa moja.

5.0 Uadilifu wa Waraka mbele ya Sheria

Tofauti kati ya faili isiyofunguka na faili iliyobadilika haiishii kwenye ufundi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Kifungu cha 18 kinaelekeza kwamba, katika kupima uzito wa ushahidi huo, izingatiwe jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyowasilishwa, pamoja na jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Kwa mantiki hiyo, waraka uliofika kama winmail.dat na kutolewa ndani ya bahasha bila kuguswa una nafasi nzuri zaidi kuliko PDF safi isiyojulikana iligeuzwa na nani.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inazihusu kumbukumbu za ofisi za umma, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayosimamia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini. Kwa ofisi iliyo ndani ya mfumo huo, mipangilio ya seva haimo mikononi mwa mtumishi wa kata. Taarifa anayoipeleka kwa afisa wa TEHAMA wa halmashauri inapaswa basi kubeba matokeo ya hatua zilizotajwa, kwa kuwa maelezo ya kwamba faili haifunguki peke yake hayamwezeshi afisa huyo kujua aanzie wapi.

Kwa nyaraka nyeti, uthibitisho ulio imara zaidi ni alama ya SHA-256, ambayo programu ya certutil iliyomo ndani ya Windows huweza kuikokotoa. Alama hiyo ina herufi na tarakimu 64, na baiti moja ya faili ikibadilika, alama nzima hubadilika. Mtumaji anaweza kuituma kwa ujumbe mfupi wa simu, yaani kwa njia tofauti na ile iliyobeba faili, na mpokeaji akailinganisha na alama ya faili aliyoipata. Gharama yake ni ya ujumbe mmoja, na mtandao dhaifu hauizuii.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mabadiliko ya muundo wa viambatisho hayana chanzo kimoja wala suluhisho moja. Winmail.dat, .zip isiyotarajiwa na noname huonekana kuwa matatizo makubwa, lakini maudhui yake kwa kawaida ni kamili na hurejeshwa bila kutuma upya. Picha iliyopunguzwa, jedwali lililopitishwa kwenye lango la usalama na CSV iliyohifadhiwa upya huonekana kuwa hazina tatizo, ilhali ndizo zinazoweza kumwondoa mwananchi kwenye orodha anayostahili kuwemo. Inapendekezwa kwamba mafunzo ya TEHAMA kwa watumishi wa ngazi ya kata yaweke mbele ulinganishaji wa baiti, usomaji wa baiti za mwanzo na utunzaji wa safu za namba kama maandishi. Stadi hizo tatu hazihitaji kifaa kipya. Katika kata iliyo mbali na makao makuu ya mkoa kama Galula, zinaweza kuokoa safari nzima kwa simu ya dakika chache kati ya mtumaji na mpokeaji.